Sijapoa

Walipobisha hodi nilikuwa nimelala kifudifudi ukingoni mwa kitanda, natafuta gongo langu moja lililoteleza uvunguni. Nilijua ni wao. Tangu asubuhi Shangazi Siwema alikuwa amenitayarisha: jumuiya ikimaliza sala itapita kunipa pole, na safari hii Mama Apolinaria mwenyewe atakuwemo. Akanionya kwamba mgeni hupewa masikio, mdomo ukawekwa akiba. Nikamwambia masikio yangu yamejaa. Akasema kama yamejaa basi angalau nivae lile gauni la bluu, maana kwa sura niliyokuwa nayo ningetisha watu.

Nikavaa gauni la bluu. Asinisingizie mtu kwamba nilimvalia Mama Apolinaria. Nilimvalia mwanawe, Justus, mwanaume niliyemfukuza wodini mbele ya wagonjwa wote na kumwambia nisimwone tena. Hasira haina akili. Tangu nikiamka mpaka nikilala nilikuwa namchukia, na papo hapo nilitaka akinitazama ajute.

Sebule ya shangazi yangu hapa Isevya ni ndogo, na siku hiyo ilijaa. Mzee Valentino, mwenyekiti wa jumuiya yetu, alikuwa amekalia kiti chenye mikono. Akina mama wawili walikaa mkekani. Mama Apolinaria alikaa kwenye kochi, peke yake, mkoba mapajani. Justus alisimama karibu na mlango ameshika kuku wawili waliofungwa miguu. Kuku walikuwa wanaangalia chini na yeye alikuwa anaangalia chini. Halafu akainua macho.

Watu wakiingia humu huanza na mguu. Huutazama kwanza ule mguu wa kulia, na kovu linaloshuka kupita gotini, ndipo wakumbuke kwamba una mwenyewe. Justus alianza na uso. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama zamani nikiwa kwenye cherehani, alipokuwa akijifanya ameleta suruali ya kupunguzwa, suruali ile ile kila wiki, mpaka ikawa kaptula. Alikuwa amekonda. Shati lilimning'inia mabegani. Moyo wangu, mpumbavu yule, ukaruka, nami nikaukanyaga.

Ndipo nikaliona gauni la mama yake.

Lilikuwa la kitenge cha umoja wa akina mama wa parokia, kola ya duara, mikono yenye marinda. Kola ile niliifumua na kuirudia hadi ikalala vizuri, kwa sababu nililishona mimi. Na siku ile ya ajali lilikuwa kwenye keria ya baiskeli yangu, nimelikunja ndani ya mfuko, nampelekea mwenyewe kwake. Mimi nilipelekwa hospitali, baiskeli ikapelekwa polisi, na gauni, jambo ambalo sikulijua hadi dakika ile, lilikwenda nyumbani kwa Mama Apolinaria. Wakati nimelala barabarani na mfupa unachungulia nje, kuna mtu aliinama akaokota mfuko wa nguo.

“Shikamoo, mayo,” nikasema, nikimwita mama kwa Kinyamwezi.

Kwetu mama mkwe hasalimiwi wima. Binti hupiga goti, akanyoosha mkono, akaitikiwa, ndipo akainuka. Mama Apolinaria hajawahi kunitaka, lakini goti langu alilipokea siku zote. Nilimpigia sebuleni kwake, nilimpigia mlangoni pa kanisa, na siku moja nilimpigia kwenye tope huku yeye anaongea na simu, nikasubiri hapo chini hadi alipomaliza. Sasa alininyooshea mkono kwa mazoea, chini kabisa, usawa wa magoti yake, pale ambapo mkono wa aliyepiga goti hufika. Mimi nilikuwa juu, kwenye magongo. Mkono ukakaa hewani. Akautazama, akanitazama, akaurudisha juu ya mkoba.

“Marahaba,” akasema, akiiambia dari.

Mzee Valentino akakohoa. Shangazi akaniletea kigoda, nikakaa, mguu wangu nimeunyoosha mbele yao wote, maana hauna namna nyingine ya kukaa.

Ngoja nieleze, maana Isevya nzima imeshaeleza kwa namna yake. Mama Apolinaria ni mjane wa mkulima wa tumbaku wa Urambo. Alikuja mjini na mtoto mmoja, akamlea peke yake, akamsomesha hadi akawa mwalimu. Kwa hilo namheshimu mpaka leo. Justus alipomwambia anataka kumwoa fundi cherehani, alisema hana neno na cherehani, neno lake ni baiskeli. Mwanamke anayepanua miguu juu ya tandiko mchana kweupe, alisema, hawezi kuwa mkwe wa mtu mwenye heshima zake. Na hii ni Tabora, ambako hata bwana harusi huenda kanisani kwa baiskeli. Justus alimbembeleza muda mrefu. Mwishowe alilegea, akaniletea kitenge nimshonee. Kwangu kitenge kile kilikuwa nusu ya posa. Nilipomaliza sikungoja aje kukichukua. Nilikipiga pasi, nikapanda baiskeli, nikashika barabara ya Kwihara, ile ya misafara ya zamani.

Nilikuwa upande wangu, kushoto kabisa, karibu na majani. Mbele niliona guta la magurudumu matatu lililobeba mkaa linakuja polepole, na nyuma yake gari jeupe. Gari likachomoka nyuma ya guta, likaja upande wangu. Nililijua. Nilimjua anayeliendesha na nilimjua aliyekaa pembeni yake. Nakumbuka nilitabasamu. Nilidhani wanakuja kunipokea.

Nilipozinduka kichwa changu kilikuwa mapajani mwa Justus. Alikuwa ananiambia pole, Paska, pole mpenzi. Mama yake alikuwa amesimama mbele ya gari, anaikagua taa.

Yangeishia hapo, ningepona kama wanavyopona watu wa ajali wengine. Lakini Mama Apolinaria alipofika polisi alisema nilichomoka kichochoroni nikaingia mbele ya gari. Justus alipoulizwa, alisema hakuona, alikuwa anaangalia simu. Maneno hayo yalitoka polisi yakaingia sokoni, yakatoka sokoni yakaingia kanisani, na yalipofika wodini kwangu yalikuwa yamenenepa: fundi Paskazia alikataliwa na mkwe, akajirusha chini ya gari ili aonewe huruma. Mama yangu mzazi, anayeuza asali stesheni ya Tura, aliulizwa na abiria kupitia dirisha la treni kama ni kweli bintiye alitaka kujiua. Alinipigia simu analia. Siku hiyo hiyo Justus alikuja na chungwa na pole yake, nami nikamfukuza.

Mguu unapona. Kila asubuhi shangazi hukamata kisigino changu na kulisukuma goti likunje, mimi nikiwa nimeuma kanga nisipige kelele, na kila asubuhi linakubali kidogo halafu linagoma. Hilo nimelizoea. Ila jina langu halina daktari.

Mzee Valentino alizungumza kwa urefu. Alisema ajali haina kinga, tumshukuru Mungu kwa uhai, na jumuiya haiwezi kwenda mbele na fundo moyoni. Hakusema kwamba akina mama wa parokia wanachagua viongozi karibuni, kwamba Mama Apolinaria anataka kubaki mwenyekiti wao, na kwamba Padri ameshatangaza kuwa mwenye ugomvi asigombee. Hayo aliyasema shangazi, jikoni, kabla hawajafika. Alipomaliza, mzee akamgeukia Mama Apolinaria ampe nafasi. Yule mama akaweka mkoba pembeni, akalainisha sauti.

“Pole, mwanangu,” akasema. “Pole sana.”

Wote wakanigeukia. Jibu lake kila mtu analijua. Ukipewa pole unajibu ahsante, nishapoa, hata kama damu bado inachuruzika. Ukishajibu, chai inaletwa, watu wanapiga ishara ya msalaba na jambo limekwisha. Shangazi alikuwa tayari mlangoni na birika.

“Pole ya nini, mama?” nikauliza.

“Ya ajali.”

“Mwenye guta la mkaa alinipa pole. Wapita njia walinipa pole. Nesi alinipa pole kabla hajanichoma sindano. Hata nikijikwaa sasa hivi utanipa pole, na jiwe hukuliweka wewe. Ndiyo maana nauliza. Hii uliyoniletea leo ni pole ya mpita njia, au kuna neno jingine nyuma yake?”

Mmoja wa akina mama mkekani akavuta kanga hadi kwenye paji la uso. Mama Apolinaria akasema yeye halijui neno jingine.

“Nisamehe,” nikamwambia. “Pole anapewa aliyeumia. Nisamehe inatoka kwa aliyeumiza.”

“Paskazia, mimi ni mtu mzima. Nimekuja na wazee na nimekuja na kuku wangu. Nilichokosa mimi ni kipi? Ulichomoka. Mwanangu alikuwepo.”

“Aliona?”

“Alikuwa anaangalia simu. Alishasema.”

Alisema bila kupepesa macho, na nadhani alishajiaminisha. Mimi sikuwa namtazama yeye. Nilikuwa namtazama Justus, na Justus alikuwa anawatazama kuku. Kuku mmoja akapiga mbawa. Hapo ndipo alipowaweka sakafuni wote wawili, akamwomba Mzee Valentino ruhusa azungumze nami barazani kidogo. Mzee alikubali haraka, kama mtu aliyefunguliwa mlango nyumba ikiwa na moshi.

Barazani ndipo ilipo cherehani yangu. Ilikuwa imefunikwa kanga kuukuu na haikuwa imezunguka tangu masika, kwa sababu mguu unaoikanyaga ni huo huo ulioumia. Justus alinishika kiwiko nivuke kizingiti. Nilitaka kuukung'uta mkono wake, nikachelewa. Ulikuwa wa moto kama zamani. Tukasimama hivyo, karibu kiasi cha kunusa sabuni aliyofulia shati, na nilimtaka, Mungu anisamehe, nilimtaka vile vile kama siku zile za suruali. Laiti angenyamaza tu.

“Umependeza,” akasema.

“Sema ulichonitolea nje.”

“Baiskeli yako imetoka polisi. Nimeitengeneza mwenyewe. Rimu ya mbele ilikuwa imepinda vibaya, nimeinyoosha. Nimeweka na kengele mpya.”

“Rimu umeinyoosha. Ulimi wako je?”

Akaniachia kiwiko.

“Paska, yule ni mama yangu.”

“Najua. Magoti yangu yanajua zaidi.”

“Hana mtu mwingine. Baba alipofariki, ndugu zake walichukua shamba lote, akabaki na mimi mgongoni. Siku ile tukiwa polisi alinishika mkono akaniambia, Justus, usiniache. Nikasema neno la kwanza lililonijia. Nilidhani litaishia pale pale kaunta. Sikujua watu watasema ulijirusha.”

“Na uliposikia wanasema, ulifanya nini?”

Alitazama barabarani. Ng'ambo kulikuwa na mbuzi anatafuna mfuko, naye akamtazama yule mbuzi kwa makini kama ndiye aliyeulizwa.

“Nilikuja wodini,” akasema mwishowe. “Kila siku nilikuja.”

“Ulikuja kunipa pole.”

“Nilikuja kwa sababu nakupenda. Na nitakuoa, Paska, mama atake asitake. Tuhamie hata Urambo, nikafundishe huko, upate fremu yako ya duka la kushonea. Haya mengine tuyaache hapa hapa.”

Maneno hayo kama angeniambia kabla ya masika ningelia kwa furaha, ningemwangukia shingoni hapo hapo na majirani waone. Sasa yalinipanda kichwani.

“Unioe na uongo wako ndani ya begi?” nikamuuliza. “Nikuzalie watoto, waje waambiwe mama yenu aliwahi kujirusha chini ya gari la bibi yenu, na baba yenu alikuwepo anaangalia simu? Babu zetu walikuwa wapagazi, Justus. Walibeba pembe kutoka hapa hadi pwani, na kila mmoja alijua mzigo alioubeba ni wa nani. Huu ni mzigo wa mama yako. Umeutua kichwani kwake ukanitwisha mimi, mgonjwa, halafu kila siku ukawa unapita wodini kuniuliza kama ni mzito.”

“Niambie basi nifanye nini.”

“Sikwambii. Wewe ni mwalimu, umezoea kuwauliza wenzako. Nami nakuuliza swali moja. Uliniona au hukuniona?”

Alitazama magongo yangu, kisha akanitazama usoni. Nilimwonea huruma, na huruma hiyo ikaniongezea hasira.

“Nilikuona,” akasema, kwa sauti ya chini. “Ulikuwa unatabasamu.”

Nikashika ukingo wa cherehani. Siku zote nilikuwa nimejiambia kwamba tabasamu lile nililiota, kwamba hakuna binadamu anayelitabasamia gari linalokuja kumvunja. Kumbe kulikuwa na shahidi. Aliliona tabasamu langu, akalibeba moyoni siku zote hizi, akaenda nalo kazini, akala nalo, akalala nalo, na bado akasema alikuwa anaangalia simu.

“Umeniambia mimi, na mimi nilikuwepo,” nikamwambia. “Waliomo ndani hawakuwepo.”

Nikageuza magongo yangu nikaingia. Sikujua kama atanifuata, wala sikugeuka kutazama.

Ndani Mama Apolinaria alikuwa ameshasimama, mkoba begani, anamwambia Mzee Valentino kwamba yeye amemaliza wajibu wake. Aliponiona nimerudi na macho mekundu, nadhani alihesabu kwamba nimeshindwa, kwa sababu alipandisha sauti ili wote wawe mashahidi.

“Mzee, umeona mwenyewe. Nimekuja kwa heshima. Nimetoa pole, imekataliwa. Na tangu nimeingia nyumba hii, binti huyu hata goti hajanipigia. Ananisalimia wima kama askari. Huyu ndiye mnayesema awe mkwe wangu?”

Naamini hakuisikia kauli yake mwenyewe. Heshima ya goti alikuwa ameipokea maisha yake yote, na siku ilipokosekana aliona utupu tu pale chini, hakuona sababu yake. Lakini wenzake walisikia. Mama mmoja mkekani aliutazama mguu wangu, akamtazama yeye, akashika kifua. Mzee Valentino alifumbua mdomo ukabaki wazi. Shangazi Siwema aliweka birika chini taratibu sana, na namjua shangazi yangu, alikuwa anaitafutia mikono yake nafasi.

“Goti lipi, mama?”

Alikuwa Justus, nyuma yangu, mlangoni.

“Unasemaje?”

“Nauliza goti gani unalolitaka. La kulia limejaa vyuma. Halikunji, na daktari amesema halitakunja tena sawasawa. Ulilivunja wewe.”

“Justus.”

“Ulilipita guta ukaingia upande wake. Yeye alikuwa kwenye majani, hana pengine pa kwenda. Hakuchomoka popote. Nilikwambia mama rudi, ukasema tutapita.” Akamgeukia mwenyekiti. “Na mimi sikuwa naangalia simu. Simu ilikuwa mfukoni. Nilikuwa namwangalia yeye, kwa sababu akiwepo huwa siangalii kitu kingine. Mzee Valentino, niliwadanganya polisi, nikawaacha na ninyi mdanganyike. Jumatatu nakwenda kubadilisha maelezo yangu.”

Mama Apolinaria alikaa chini. Sauti aliyoitoa haikuwa ya mwenyekiti wa akina mama. Ilikuwa ya mwanamke wa Urambo mwenye mtoto mgongoni.

“Wewe ni mwanangu.”

“Ndiyo maana nilinyamaza, mama. Na gauni hilo ni mimi niliyeliokota. Uliniambia nilichukue lisichafuke, nami nikalichukua.”

Nilihisi joto limenipanda tena kutoka miguuni. Kumbe mkono uliookota mfuko ulikuwa wake. Aliniweka kichwa mapajani, akanibembeleza, halafu akanilaza chini akaenda kuokota nguo, kisha akarudi kunishika. Sikujua nilie au nimpige gongo. Kweli imesemwa, nilijiambia, imesemwa mbele ya watu, nilichokitaka nimekipata. Mbona hasira bado inawaka?

Mama Apolinaria aliishika kola yake kwa vidole viwili kama ndiyo kwanza anagundua kwamba amevaa. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu aingie, aliutazama mguu wangu. Aliutazama wote, kutoka kovu lilipoanzia hadi vidoleni. Nililiona lile neno likimpanda kooni. Nililingoja. Nakiri nililingoja kwa hamu kuliko nilivyowahi kumngoja mwanawe. Akalimeza.

“Twendeni,” akawaambia akina mama. Hawakuinuka. Akatoka peke yake.

Shangazi alimwahi kizingitini na kuku wawili mkononi.

“Dada, chukua na hawa,” akamwambia kwa upole mkubwa. “Ni kuku wa pole, na humu hakuna aliyepoa.”

Akawapokea. Sijui kwa nini aliwapokea. Alivuka uwanja na gauni langu zuri, kuku wakipiga mbawa pande zote mbili, akawaweka kiti cha nyuma na kuondoa gari taratibu kuliko alivyowahi kuliendesha.

Wengine waliaga kwa haraka. Mzee Valentino alikuwa wa mwisho. Alisimama mbele yangu amevua kofia, mzee wa watu, akasema nao jumuiya walizungumza maneno yasiyofaa, hata yeye, na kwamba niwasamehe. Nililia hapo. Neno nililolitafuta mwezi baada ya mwezi, wa kwanza kunipa alikuwa mtu ambaye deni lake lilikuwa dogo kuliko la wote.

Tukabaki mimi na Justus. Shangazi alijipa kazi jikoni na kugongagonga sufuria ili tujue hasikilizi.

“Nisamehe, Paska,” akasema.

Nilidhani neno hilo litanishukia kama maji ya mtungi. Halikunishukia hivyo. Lilitua tu, likakaa, mzigo umepata mwenyewe.

“Nimekusikia,” nikasema.

Alingoja zaidi, hakupata. Akanitazama usoni, kwa macho yale yale, na kwa sababu hakujua aseme nini tena, akasema lile alilozoea.

“Pole.”

“Sijapoa.”

Akaitika kwa kichwa. Akauliza kama anaweza kuja kesho. Nikamwambia aje, na aje na baiskeli yangu. Akasema ataiomba pikapu ya jirani.

“Hakuna pikapu,” nikamwambia. “Utaiendesha. Mchana, watu wakitoka misa.”

“Paska, ni baiskeli ya kike. Tena ina kikapu.”

“Ndiyo. Na kile kikapu kina maua.”

“Watanicheka njia nzima. Watauliza mwalimu kapatwa na nini.”

“Wakiuliza, uwajibu. Kila atakayeuliza, usimame umjibu kama ulivyojibu hapa. Walipata uongo nyumba kwa nyumba, na kweli nayo wapelekewe hivyo hivyo.”

Alifikiri, na niliona aibu ikimpita usoni, kisha ikaondoka. Akaniaga bila kunigusa.

Jumapili ile nilikaa barazani. Niliondoa kanga kwenye cherehani, nikaifuta vumbi, nikaitia mafuta, nikajaribu kuikanyaga kwa mguu wa kushoto. Ilizunguka kwa kusuasua, lakini ilizunguka. Misa ya pili ilikuwa imetoka muda si mrefu, na njia ilijaa watu wenye nguo zao za Jumapili.

Nilisikia kengele mbali, kule kwenye kona. Ilikuwa na mlio mpya. Ikalia, ikanyamaza. Vicheko vikapanda, vya wanawake na vya wanaume, halafu vikakatika vyote kwa pamoja na kukawa kimya. Baada ya kitambo kengele ikalia tena, karibu kidogo, ikanyamaza tena. Njia ile mtu wa baiskeli huimaliza kabla ya chai kupoa. Justus hakuwa anafika, na kila alipochelewa nilijua yuko mlangoni kwa mtu, anajibu.

Shangazi Siwema alitoka na ungo wa mchele, akakaa kizingitini, akaanza kuchagua. Alisikiliza kengele, akasikiliza kimya.

“Ndio umemsamehe?” akaniuliza.

“Sijapoa.”

Akaacha kuchagua. Akaninyooshea shingo kunitazama vizuri, jicho moja, halafu la pili.

“Na wanja huo ni wa nini?”

“Wa hasira,” nikamjibu, na kengele ikalia nyumba ya jirani.